Mabango Yaliyoanzia Mwisho

Alipohamia mjini, bintiye alimwonyesha vitu vitatu: swichi ya maji ya moto, kufuli la mlango ambalo lilitaka kubembelezwa, na kiti kilichokuwa karibu na dirisha. "Sasa umefika, Mama. Kazi yako ni kupumzika," akamwambia, akachukua mkoba wake akaenda zake hospitali kwenye zamu. Mama mtu akakaa kwenye kile kiti, akapumzika mpaka akachoka. Chakula cha mchana hakijafika, alikuwa ameshavaa viatu.

Tumwite Kifuniko, maana ndivyo alivyoitwa kwao tangu utotoni, na jina hilo hakulipata bure. Baba yake alikuwa fundi wa mabango, wale wa zamani wa brashi na rangi ya mafuta, wanaoandika majina ya maduka juu ya milango. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mzee alichora herufi, mwanawe wa kiume alinyoosha kingo, na binti, kitinda mimba, alikabidhiwa makopo: kuyafungua asubuhi, kuyakoroga kwa kijiti, na kuyafunika jioni ili rangi isigande. Akisahau kopo moja tu, mtaa mzima ulimsikia mzee. Basi akawa Kifuniko, na hata alipokua akawa fundi kamili, akairithi karakana na ngazi yake mbovu, jina halikumbanduka.

Sababu ya kuhama aliyowaambia watu ni kwamba kazi imekufa, na hapo hakutia chumvi. Siku hizi mtu akitaka bango anakwenda kwa kijana mwenye kompyuta, linachapwa kwenye turubai la plastiki huku anasubiri, na jioni limeshaning'inia dukani, lina picha ya mwanamke anayecheka ambaye hakuna anayemjua. Sababu nyingine alipewa na mama yake mzazi siku ya kuondoka. Mama alikuwa mzee sana sasa, akikaa na mdogo wake, na masikio yalikuwa yanamkimbia. La kulia lilishafunga duka. La kushoto lilikuwa bado linapokea wateja, ila wale wa kupiga kelele tu, na kila mwezi likipungua.

"Usidhani unakwenda kukaa," mama alimwambia, amemshika mkono hataki kuuachia. "Unakwenda kunitafutia mwanangu. Nataka aje asimame hapa mlangoni aniite Mama, nikiwa bado nasikia. Sitaki kitu kingine."

Huyo mwana alikuwa kaka yake Kifuniko, aliyetoka nyumbani kabla binti wa Kifuniko hajazaliwa, na chanzo chenyewe ukimsimulia mtu atakucheka.

Mzee alikuwa wa mkono wa kushoto. Mtu wa kushoto akipaka herufi kama tunavyoandika sisi wengine, mkono wake unafuata nyuma ya brashi na kuchafua alichokwisha kupaka. Mzee akajitafutia dawa: akawa anaanza neno na herufi ya mwisho, anarudi nyuma polepole mpaka aifikie ya kwanza. Rangi ikapona. Ila mafundi wengine nafasi huwaishia mwishoni mwa neno, na yeye ilimwishia mwanzoni. Mabango yake yote yalikuwa hivyo: herufi za mwisho zimenenepa, zimekaa kwa raha zao, na ya kwanza imebanwa pembeni kama mgeni aliyefika watu wameshajaa kwenye mkeka. Wateja walizoea. Wengine walidhani ndiyo mtindo.

Sasa mzee, kwa kichwa chake kigumu, aliwafundisha wanawe vivyo hivyo, na wote wawili walikuwa wa mkono wa kulia. Kwao ile dawa ikawa ndiyo ugonjwa. Mikono ya mashati yao ilikuwa na rangi mpaka kwenye kiwiko, na rangi ya mafuta haitoki hata ukiifokea. Kifuniko alivumilia. Kaka hakuvumilia. Siku moja alichukua bango la duka la viatu, akapima, akaanza na herufi ya kwanza, na neno likakaa katikati kabisa, nafasi huku sawa na huku. Lilikuwa bango zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka kwenye karakana ile, na hilo ndilo lililomponza. Mzee aliliangalia weee, kisha akachukua brashi pana akalipaka lote rangi nyeupe.

Kaka akatamka maneno ambayo mtoto hamwambii baba. Mzee naye akajibu kwa maneno ambayo baba hamwambii mtoto: kama umejua kuanza kwa njia yako, basi kaishie huko huko. Kaka akaapa mbele ya wote kwamba hataanza tena neno na mwisho mpaka anaingia kaburini, akabeba brashi zake akatoka. Mzee akazeeka, akafa, na jina la mwanawe halikumtoka tena kinywani, angalau si mbele ya Kifuniko.

Kwa hiyo Kifuniko akaingia mitaani. Bintiye alidhani mama yake anakwenda kunyoosha miguu, akafurahi.

Mtaa wao wenyewe ulikuwa wa maghorofa. Nguo zilianikwa kwenye madirisha ya juu mpaka hujui zinamdondoshea nani maji, na watu walisalimiana kwa kunyanyua nyusi tu, kana kwamba maneno yanauzwa. Kwao Kifuniko usingeweza kwenda kununua chumvi bila kuulizwa habari za mama, za mguu wa mama na za paa la jikoni. Huku alipanda na kushuka ngazi siku nzima bila mtu kumuuliza hata jina. Aliumia, nisikufiche. Alikumbuka karakana kwa pua yake: ile harufu ya rangi na tapentaini iliyokuwa inaingia mpaka kwenye mashuka, ambayo utotoni aliichukia na sasa angeitafuta kwa tochi.

Alivuka barabara kubwa akaingia mtaa wa gereji. Hapo ardhi yenyewe ilikuwa nyeusi kwa oili, wanaume wamelala chini ya magari miguu tu ndiyo inaonekana, na miguu ile ilikuwa inabishana. Kifuniko alitembea kama anavyotembea fundi wa mabango popote duniani, macho juu, anajikwaa. Kila ukuta ulikuwa turubai, turubai, turubai. Kisha juu ya duka moja bovu, palipo na vumbi kuliko kote, akaona neno VIPURI, kwa rangi nyekundu iliyofifia. Herufi ya mwisho ilikuwa pana kama mlango. Ile ya kwanza ilikuwa imebanwa mpaka huruma.

Aliegemea nguzo, akasoma lile neno kutoka mwisho, herufi moja moja, kama alivyofundishwa. Hakukuwa na ukoo mwingine wenye ulemavu ule. Akampigia simu mama yake pale pale. Mama mdogo akapokea, akaiweka simu kwenye sikio la kushoto la dada yake.

"Mama! Nimeona kazi ya Kaka!"

"Ya nani?"

"Ya Kaka! Bango lake! Ameacha ukaidi, Mama. Kaanza na mwisho kama Mzee!"

Kifuniko alidhani simu imekatika.

"Herufi ya kwanza imebanwa?" mama akauliza.

"Imebanwa kabisa."

"Liko mtaa gani?"

"Wa gereji."

"Haya. Endelea. Ukiona lingine, nalo uniambie liko mtaa gani."

Kifuniko alitegemea vigelegele, akapata hayo. Alilaumu sikio. Aliingia dukani akauliza: unamkumbuka kijana aliyeandika bango hili, mrefu, mkimya, anapenda kupima kila kitu? Mwenye duka hakumkumbuka kijana wa aina hiyo. Alikodi duka likiwa na bango lake na hakuwahi kulisoma.

Tangu siku hiyo kile kiti cha dirishani kilibaki peke yake. Kifuniko alianza kuujua mji kwa kuta zake. Aliingia mtaa wa zamani, ule wa vichochoro vyembamba ambako jirani anaweza kumpa jirani chumvi dirishani bila kuinuka, na lugha zinachanganyika mpaka mtoto anaanza sentensi na ya mama na kuimaliza na ya baba. Huko alipata MAJORA NA VITAMBAA, kwa rangi ya buluu, na M ya kwanza imesimama kwa mguu mmoja. Akauliza kuhusu kijana. Hakuna aliyemjua. Akampigia mama. Mama akauliza mtaa gani, akaambiwa, akasema haya.

Aliingia mtaa wa matajiri. Huko hakuna bango hata moja, kwa sababu matajiri hawapendi kusomwa. Kuta ni ndefu na zimepakwa rangi moja, na ukisimama kidogo unaulizwa unatafuta nini.

"Naangalia ukuta," Kifuniko alimjibu mlinzi.

"Una nini huo ukuta?"

"Hauna kitu. Ndiyo maana naushangaa."

Mlinzi alimtazama mama yule mwenye viatu vya vumbi, akacheka, akamwambia hata yeye ukuta ule unamchosha, na akamwonyesha njia ya mkato ya kutokea relini. Alikuwa mtu wa kwanza kucheka naye tangu ahamie, na Kifuniko alitembea na kicheko kile hadi ng'ambo.

Ng'ambo ya pili ya reli, karibu na stendi ya mabasi, ndipo alipopata la tatu. Lilikuwa juu ya saluni ya kusuka nywele, lakini lilisomeka DOBI NA PASI. Vipande vya turubai lililochanika vilikuwa bado vinapepea pembeni yake. D ilikuwa nyembamba kama imefunga saumu. Ndani, msusi mmoja mnene mwenye ulimi mwepesi alikuwa amekalia stuli, akisubiri wateja.

"Ah, hilo," msusi alisema. "Mama mkwe wangu alikuwa dobi hapa. Mimi nilifunika na turubai langu zuri, lina picha. Mvua za juzi zikalipasua, sasa watu wananiletea mashuka."

"Aliyeliandika unamjua? Kijana mmoja, mrefu..."

"Kijana? Hapana, mama, kijana simjui. Lilikuwepo kabla sijaolewa huku. Ila kama unataka mtu wa kukuandikia kwa mkono, amebaki mmoja tu. Nenda nyuma ya stendi, muulizie Milimita."

"Milimita?"

"Anapima mpaka anakera. Utamwona."

Mtu mwingine angeshtuka kwa jina hilo. Kifuniko hakushtuka, kwa sababu alishajaza kichwa chake herufi zilizobanwa na hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Alizunguka stendi, akapita kati ya mabasi na wapiga debe, akakuta kibanda cha mabati kilichofunguliwa mbele. Mabango yaliegemezwa nje yakikauka. Akayaangalia, na matumaini yakamwisha. Kila neno lilikuwa katikati, nafasi huku sawa na huku, herufi ya kwanza na ya mwisho zinalingana kama mapacha. Kazi safi kabisa, na haikuwa ya kwao. Aligeuka aondoke.

"Una kazi, mama, au unapunga upepo?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Mwenye sauti alikuwa mzee mwenye mvi, ameinama juu ya ubao, rula mkononi. Aliponyanyua uso, rula ikabaki hewani. Walitazamana. Alikuwa na paji la uso la Mzee, na hasira za Mzee kati ya nyusi, na mdomo wa mama yao.

"Kifuniko," akasema.

Kifuniko akaingia akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto anayetazamwa homa, akalia bila aibu, na kaka yake akasimama vile vile anaguna, akimpigapiga mgongoni kwa rula.

Walikaa juu ya makopo, chai ikaletwa. Kaka alikuwa na mke aliyefariki na watoto waliokwisha kujitegemea. Miaka ya mwanzo alifanya kazi kiwandani, akijaza rangi kwenye makopo tangu asubuhi mpaka jioni, hajui jua limetoka upande gani. Baadaye akajenga kibanda hiki. Kifuniko alimsikiliza, kisha akamwambia alilotumwa: Mama anataka uje, umwite mlangoni, sikio limebaki moja nalo linakwenda.

Kaka aliweka kikombe chini. "Mpe salamu. Mwambie niko mzima."

"Hataki salamu, Kaka. Anataka uje."

"Nije kwenye nyumba ya nani? Ya mtu aliyenifuta kwa rangi nyeupe akarudi kunywa chai yake?"

"Mzee alishafariki."

Hakuwa na habari. Aligeukia ukuta, na Kifuniko akamwacha. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu. "Basi kafa bila kunitafuta. Hata siku moja, Kifuniko. Mimi nilikuwa na hasira, nakubali, lakini nilikuwa mtoto wa watu. Kila basi la kwetu likiingia hapa nilikuwa nachungulia nani anashuka. Siwezi kwenda kukaa sebuleni kwake nikijifanya nina baba. Mama nampenda, ila mlango ule sitauvuka."

Hapo Kifuniko akapandisha. Alikuwa amechoka, miguu inamuuma, na amemtafuta mtu mji mzima kuja kujibiwa hivyo. "Kama ulimchukia kiasi hicho, mbona ulirudia njia yake? Nimeona mabango yako. Gereji, mtaa wa zamani, hapo mbele kwa msusi. Yote umeanza na mwisho!"

"Mabango gani?"

"Usinifanye mtoto!"

"Kifuniko, sijaanza neno na mwisho tangu nitoke nyumbani. Niliapa."

Kifuniko alimvuta mkono mpaka saluni. Kaka alisema anapita pale tangu ajenge kibanda na hajawahi kuona kitu, palikuwa na turubai. Kisha akanyanyua kichwa, akaona. Aliomba stuli ya msusi, akapanda, akaisogelea ile rangi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Angalia brashi ilivyolala," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Angalia tumbo la D. Imeingia kwa kushoto. Mkono wa kulia hauwezi kuvuta hivi hata ukiulipa. Hii si yangu. Hii ni ya Mzee."

Kifuniko alikuwa fundi, na jambo lile lilikuwa wazi kama mchana. Angeliona kwenye bango la kwanza kama asingekuwa amekwenda kumtafuta kaka. "Haiwezekani," alisema hata hivyo. "Mzee hajawahi kufanya kazi huku. Alikuwa anakuja kununua rangi tu, kila mwaka, kiangazi kikianza."

"Mzee?" msusi akadakia, alishaacha hata kujifanya hasikilizi. "Ungeniuliza mzee ningekujibu. Mama mkwe alikuwa anasimulia mzee mmoja mgeni, alikuja na ngazi ya kuazima na makopo yake mwenyewe, akaomba aandike bango, akakataa malipo. Walidhani ana kasoro kichwani. Alichotaka ni kuandika juu kabisa, paonekane na mtu anayepita."

Kifuniko akapiga simu. Kaka akakataa kuishika, akasimama karibu tu.

"Mama! Mzee alikuwa anakuja huku kufanya nini?"

"Kununua rangi," mama akajibu upesi mno.

"Mama!"

Ikasikika pumzi ndefu. "Rangi tulikuwa tunanunua hapa hapa kwa jirani, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa mtu wa makopo. Alipokuwa anaondoka, yalikuwa matupu?"

Kifuniko akafumba macho. Alijiona msichana, anamsindikiza Mzee mpaka barabarani, kopo mkono huu na kopo mkono huu, mishikio inamkata vidole. Yalikuwa mazito. Aliyafunika mwenyewe, kwa nguvu, yasimwagike njiani. Na Mzee aliporudi yalikuwa mepesi, akayaosha, akayaanika juani, na hakuwahi kujiuliza mtu anayekwenda kununua rangi anarudije na makopo matupu.

"Alikuwa anamtafuta kaka yako," mama alisema. "Mwanzoni aliuliza watu, hakumpata. Halafu akasema, huyu hata nikimpata hatataka kuongea na mimi. Acha nimwachie mkono wangu kila mtaa, akipita auone, ajue nilifika. Akaniapisha nisimwambie mtu. Alikuwa anaona haya, baba yenu. Uliponipigia kwamba umeona bango, nikajua umeona la baba yako."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kujua alifika mitaa gani," mama akasema. "Yeye mwenyewe alikuwa hanisimulii. Anarudi amenuna, anaomba maji ya kuoga."

Kaka alikuwa ameyasikia yote, maana kwa mtu wa sikio moja simu inapigiwa kelele. Alikaa chini kwenye ngazi ya saluni, mbele za watu, akajifunika uso. Msusi alimletea maji bila kuulizwa.

"Mengine yako wapi?" akauliza baadaye.

Na hapo ndipo Kifuniko, aliyekuwa mgeni wa jana tu, alipomtembeza mwenyeji mji wake. Kaka aliijua stendi, kiwanda na nyumba yake, basi. Maisha yake yote ya mjini yangeenea kwenye uwanja mmoja wa mpira. Kifuniko alimpitisha njia ya mkato ya mlinzi, na mlinzi akawapungia. Alimwingiza kwenye vichochoro, akimwambia geuka hapa, inama, kuna kamba ya nguo. Mbele ya MAJORA NA VITAMBAA kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Miaka yote ile, na bado nafasi inamwishia," alisema. "Mzee huyu!" Mbele ya VIPURI hakucheka. Aliomba ngazi gereji, akapanda, akaweka kiganja juu ya herufi ya kwanza, na miguu iliyokuwa chini ya magari ikanyamaza. Alikaa huko juu mpaka Kifuniko akaanza kuogopa. Aliposhuka alijipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Basi la kwetu linaondoka saa mbili asubuhi," alisema. "Honi yake naijua. Naisikia kila siku."

Bintiye Kifuniko aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake anafungasha, akamuuliza kama amechoka na mji mara hii. "Nitarudi," Kifuniko alisema. "Kuna mitaa sijaimaliza." Na alimaanisha, kwa sababu Mzee alikuja kila mwaka na yeye ameona mabango matatu tu.

Safari ilikuwa ndefu, na kaka hakufumba jicho. Walipofika alisimama nje ya nyumba, akaiangalia ilivyokuwa ndogo. Mama alikuwa amewekewa kiti mlangoni tangu alfajiri, amevaa vizuri, ameelekeza sikio la kushoto barabarani. Macho yake hayakuwa tena ya kuaminika. Kaka alivuka uwanja, akafika mbele yake, akapiga magoti ili mdomo ufike usawa wa sikio, na akiwa mtu mzima mwenye wajukuu akashindwa kutoa sauti. Alijaribu, akameza mate, akajaribu tena.

"Mama."

Kizee hakutikisika. Kifuniko, aliyekuwa nyuma amebeba mizigo, akafikiri wamechelewa.

"Sema tena," mama akasema.

"Mama!" kaka akapaza sauti, majirani wakatoka nje. "Ni mimi, Mama! Nimekuja! Mama!"

Mkono wa kizee ukapapasa, ukampata shavuni.

"Usinipigie kelele," akasema. "Nilikusikia mara ya kwanza. Sema tena."